Dari za Nyumba za Kale, na Namna ya Kuzikagua

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tanga)



Tumetakwa na Halmashauri kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa kwanza laonekana kuwa ni kazi ya waashi na maseremala peke yao, wala si kazi ya makarani. Lakini mnajua wote ya kuwa chama kinafikiri kupanga orofa ya juu ya nyumba moja ya kale katika mji huu, ili tupate chumba cha kusomea na mahali pa mikutano. Kodi yake ni nafuu, upepo wa bahari wafika, na mlango wake ni wa nakshi. Wengi wamekwisha kuipenda kabla ya kupanda ngazi yake. Sisi watatu tulipewa kazi ya kuitazama, nasi tumeitazama kwa siku mbili, tukifuatana na mwashi mzee ambaye amezitengeneza nyumba nyingi za namna hii. Tutasema tuliyoyaona, na pamoja nayo namna tulivyoyaona, ili kila mmoja aweze kuikagua nyumba anayolala au ofisi anayofanyia kazi.

Kwanza yafaa tuelewane maneno. Tukisema dari hapa, maana yake ni sakafu ya orofa ya juu pamoja na boriti zinazoichukua. Aliye chini huiona dari. Aliye juu huikanyaga ikawa sakafu yake. Aghalabu mtu huijua kwa upande mmoja tu, na ule upande wenye khabari za kweli ni wa chini.

Nyumba za mawe za pwani hii, toka Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Pangani na Unguja, zimejengwa kwa desturi moja. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake mkono mmoja na zaidi. Toka ukuta mpaka ukuta hulazwa boriti, nazo ni miti ya mikokoni, khasa mkoko wenyewe, ambao ni mti mzito na mgumu. Boriti zilikuwa zikiuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na majahazi yakizichukua mpaka Arabuni na Ghuba ya Ajemi, maana huko nako walijenga kwa miti yetu. Sasa, mti wa mkoko ulionyoka na wenye unene wa kufaa hauwi mrefu apendavyo mtu. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba hizi ni vya upana wa futi 8 au 9, mara chache 10, hata kama urefu wake ni futi 20 au 30. Mgeni hustaajabu kuona chumba kirefu kama ukumbi na chembamba kama njia; hajui ya kuwa aliyekata kipimo cha chumba hicho si tajiri aliyejenga bali ni mti uliomea katika tope.

Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa na kokoto. Zege hilo hupigiliwa kwa vijiti, watu wengi wakikaa safu na kuimba, siku baada ya siku, mpaka likashikamana na kuwa gumu. Kazi hiyo ni njema sana, nayo imedumu miaka mia na zaidi katika nyumba nyingi. Lakini ni nzito. Tuliupima unene wa dari ya chumba cha mbele katika nyumba hii, penye tundu la ngazi, tukaona inchi 9 bila ya boriti. Chumba chenyewe kina upana wa futi 9 na urefu wa futi 20. Kwa makisio yetu, mawe na chokaa ya dari hiyo moja yana uzito wa tani 6 na nusu. Boriti zake tukazihesabu, nazo ni 20, korija moja kamili. Basi kila boriti inachukua zaidi ya kilo 320 usiku na mchana, kabla hajapanda mtu wala kuletwa kiti.

Msiogope kwa hesabu hiyo. Boriti nzima ya mkoko yenye unene wa inchi 5, kwa upana wa futi 9, yaweza kuchukua mzigo huo na mwingine juu yake, wala isione taabu. Ndiyo sababu nyumba hizi zimesimama. Shida yake huanza hapo boriti inapokuwa si nzima tena, na huo ugonjwa wake hauanzi pale macho yanapotazama.

Mtu akiingia chumbani huinua kichwa akatazama katikati ya dari. Akiona boriti zimenyoka na chokaa nyeupe, husema, "Nzima." Lakini boriti haiozi katikati kwanza. Huoza kichwani, ndani ya ukuta, pale isipoonekana. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kama sifongo. Mvua ya masika ikipiga ukuta uliobanduka chokaa, au kopo la maji ya paa likivunjika na maji kutambaa ukutani mwaka mzima, ule unyevu hukaa ndani ukizunguka kichwa cha boriti, wala hapana upepo wa kuukausha. Wataalamu wa miti wamepima wakaona ya kuwa mti ukiwa na unyevu usiozidi 20 katika 100 ya uzito wake mkavu, ukungu uozao mti hauwezi kukaa. Ukizidi hapo na kudumu, huoza. Siku hizi kuna mashine ndogo yenye sindano mbili ya kupimia unyevu huo, nayo yafaa kwa anayeweza kuipata. Sisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na msumari wa inchi 6, nyundo ndogo, uzi, tochi na kipande cha chokaa cha kuandikia.

Namna tulivyofanya ni hii. Tulianza nje, si ndani. Tuliizunguka nyumba tukatazama kuta: wapi chokaa imebanduka, wapi kuna alama nyeusi au kijani ya maji, wapi mti umeota katika ufa. (Mche mdogo wa mtini ukutani watu huuona ni pambo, mizizi yake ni tindo.) Kila mahali penye alama tulipaandika katika karatasi yenye picha ya nyumba, ili tukiingia ndani tujue ni boriti zipi zilizo nyuma ya mahali hapo. Hapo ndipo tuliposhika ngazi.

Ndani tulizipa boriti namba kwa chokaa, toka mlangoni, 1 mpaka 20. Makarani wataelewa faida yake: neno "ile boriti mbovu karibu na dirisha" halifai kitu mwaka wa pili, lakini namba yafaa. Kisha kila boriti tuliigonga kwa nyundo katika sehemu tatu, kichwa hiki, katikati, na kichwa kile. Boriti nzima hutoa mlio mkavu, wa juu, kama kugonga kinu. Iliyooza au kuliwa hutoa mlio wa chini, kama kugonga papai. Baada ya mlio tulichoma msumari kwa mkono, karibu kabisa na ukuta, kwa chini na kwa ubavu. Mti mzima haukubali msumari zaidi ya ncha yake. Ukiingia nusu inchi bila ya nguvu, kuna neno. Ukiingia inchi 2, hapana haja ya kuuliza tena.

Hapo yatupasa kukaa kidogo, kwa kuwa watu wengi hudanganyika. Mtu akikuta boriti ya inchi 5 imeliwa na dumuzi au imeoza nusu inchi pande zote, husema, "Imebaki inchi 4, ni nyingi, yatosha." Hesabu haisemi hivyo. Nguvu ya mti wa mviringo haifuati unene wake tu, hufuata unene mara unene mara unene. Tano mara tano mara tano ni 125. Nne mara nne mara nne ni 64. Basi boriti iliyopungua inchi moja katika tano imepoteza karibu nusu ya nguvu zake. Na katika kupinda ni zaidi ya hapo, maana hapo huzidishwa mara nne: mzigo ule ule utaipinda mara mbili na nusu ya ulivyoipinda zamani. Kila mwenye mtoto wa shule amwambie afanye hesabu hiyo, ataiona kwa macho yake.

Mchwa ni adui wa namna nyingine. Yeye huacha ganda la nje zuri, akala ndani. Tafuteni njia zake za udongo ukutani, khasa pembeni na nyuma ya makabati. Njia kavu iliyovunjika yaweza kuwa ya zamani. Ivunjeni kidogo, mtazame baada ya siku mbili tatu kama imejengwa tena. Ikijengwa, mchwa wamo.

Baada ya msumari ulikuja uzi. Tuliuvuta chini ya kila boriti toka ukuta mpaka ukuta, tukapima imeshuka kiasi gani katikati. Hapa yahitaji akili, kwani mti wa mikokoni si reli. Una mgongo wake wa kuzaliwa. Kwa hiyo hatukupima boriti moja na kuihukumu. Tulizilinganisha na jirani zake. Boriti 17 zilikuwa zimeshuka kwa kiasi kilichokaribiana, robo inchi mpaka inchi nusu kasoro. Boriti 3 zilizofuatana, namba 14, 15 na 16, zilikuwa zimeshuka inchi moja na robo. Zikishuka tatu pamoja namna hiyo, mgongo wa kuzaliwa hauwezi kuwa ndiyo sababu yake.

Tulipanda juu. Mmoja wetu alisimama kwa ncha za vidole katikati ya chumba akajiangusha kwa visigino, na wengine wakatazama bakuli la maji lililowekwa sakafuni. Dari ya chokaa ni nzito, nayo kwa kawaida haitikisiki. Upande wa mlango maji yalitulia. Upande wa boriti zile tatu yalitetemeka, na pale ukutani tuliona ufa ulioachana na sakafu, mwembamba, lakini waingia kisu. Tena tuliona ya kuwa mahali hapo palikuwa na karo la kuogea zamani, ambalo limefunikwa kwa saruji. Bomba lake la kutolea maji limekatwa ndani ya ukuta, wala halikuzibwa. Maji ya mvua ya paani bado yanashuka humo. Basi tukajua ugonjwa na tukajua mama yake.

Mabwana na mabibi, katika nyumba za kale mahali pa kutazama kwanza ni pale palipo au palipokuwa na maji: karo, choo, jiko, mtungi, na chini ya bonde la paa. Mwashi mzee alituambia ya kuwa akiitwa nyumba yo yote huuliza kwanza, "Watu wa zamani walikuwa wakiogea wapi?" Nasi twaona swali hilo ni bora kuliko vyombo vingi.

Katika nyumba zilizojengwa hapa Tanga wakati wa Wajerumani, na baadaye, mtakuta pengine dari ya mbao juu ya magogo yaliyopasuliwa, au mihimili ya chuma yenye zege. Ya mbao hukaguliwa kwa njia hizo hizo za msumari na uzi. Ya chuma ina khabari yake. Chuma kikishika kutu, ile kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, nayo husukuma zege mpaka likapasuka na kuanguka vipande. Hewa yetu ya chumvi huharakisha mambo, na kama zege lilitengenezwa kwa mchanga wa baharini, adui amefungiwa ndani ya nyumba. Ukiona ufa mrefu ulionyoka chini ya dari, wenye maji ya rangi ya kahawia, usipake rangi juu yake. Mwite mtu ajuaye.

Sasa tuseme juu ya saruji, maana hapa ndipo tunapohitilafiana na mwenye nyumba, na pengine na baadhi yenu.

Mwenye nyumba ni mtu muungwana, naye amekubali ya kuwa sakafu ina nyufa. Amesema atatufanyia hisani: atamwaga saruji inchi 2 chumba kizima, apake rangi nyekundu, na dari itakuwa na nguvu kama mpya. Tunamshukuru kwa nia yake. Lakini saruji ile haiongezi nguvu za dari, huongeza mzigo wake. Inchi 2 za saruji katika chumba kile ni karibu kilo 1,800, nazo ni kama magunia 20 ya mahindi ya kilo 90, au watu 28 wa uzito wa kawaida wasioondoka hata usiku. Nyufa za juu zitazibwa, hivyo hatutaona tena dalili ambazo sakafu ilikuwa ikituonyesha. Tena saruji haipumui kama chokaa. Unyevu uliokuwa ukipanda na kukauka polepole kwa juu utafungiwa, ukae na vichwa vya boriti. Toka mwaka 1980 kiwanda kikubwa cha saruji kimekuwa hapa hapa kwetu Pongwe, na saruji imetujengea mambo mengi mema; hatuna ugomvi nayo. Illa kila dawa ina mgonjwa wake. Katika nyumba za Pangani na za hapa tumeona sakafu zilizomwagwa saruji mara mbili na mara tatu, kila mpangaji na tabaka lake, na chini yake boriti ni zile zile za babu.

Baadhi ya wanachama wametuuliza: kama nyumba imesimama miaka mia, kwa nini ianguke sasa? Twawajibu kwa khabari mnayoijua. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Seyyid Barghash bin Said. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliharibu jumba la jirani yake, yenyewe ikabaki. Baadaye ikawa ofisi za Serikali, na makarani wengi walifanya kazi humo, kisha ikawa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu ya pembeni iliporomoka, ikafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa ndani katika kazi ya kuitengeneza, upande wake mkubwa ulianguka, na watu wawili wakafa. Miaka 8 ilipita baina ya anguko la kwanza na la pili. Nyumba kubwa haianguki bila ya kutoa khabari, walakini hutoa khabari kwa sauti ndogo. Tena wakati wa kutengeneza ndio wakati wa hatari kupita nyakati zote, kwa kuwa ukitoa jiwe moja au boriti moja mzigo wake hauendi hewani, huhamia kwa jirani, na jirani huyo naye pengine ni mgonjwa. Kwa hiyo hatutaki fundi ye yote aguse boriti 14, 15 na 16 kabla ya kuwekwa gadi.

Na magofu ya Tongoni, hapo kusini ya mji, yatafundisha neno jingine kwa anayekwenda kuyatazama. Kuta za msikiti zimesimama karne kwa karne. Dari hakuna. Ukuta wa chokaa huishi sana kuliko mti uliochomekwa ndani yake, na mtu akiuona ukuta mzima huiamini dari bila ya sababu.

Kuna jambo moja lituhusulo sisi makarani kuliko watu wengine, nalo ni uzito wa karatasi. Huonekana nyepesi kwa kuwa tunaishika moja moja. Majalada yaliyopangwa kwa urefu wa mita moja katika rafu yana uzito wa kilo 30 hata 50; kabati lenye rafu tano, upana wa mita moja, si ajabu likafika kilo 200, nalo limesimama juu ya boriti mbili au tatu tu. Wahandisi wakijenga ofisi mpya huihesabia dari mzigo wa kilo 250 hivi kwa kila mita ya mraba; wakijenga ghala ya majalada huihesabia 500 na zaidi. Aliyeijenga nyumba yetu alihesabu mikeka, vitanda na masanduku ya nguo. Hakuwa na khabari ya majalada wala ya sanduku la fedha la chuma. Husemwa ya kuwa Boma la Pangani lilijengwa mwaka 1810 liwe nyumba ya mtu, ndipo baadaye likafanywa ofisi; na ziko nyumba nyingi za pwani zilizogeuzwa hivyo. Mtumishi anayepewa chumba cha juu katika nyumba ya namna hii ana haki ya kuuliza dari ilikaguliwa lini, na kuuliza kwa maandishi. Kabati na aliweke kando ya ukuta ule unaoshika vichwa vya boriti, wala si katikati ya chumba, maana mzigo ulio karibu na ukuta huushuka ukuta, bali ulio katikati huivunja boriti.

Na dansi je? Tumeulizwa na vijana, nasi tumeahidi kujibu. Watu 40 waliokaa vitini na watu 40 wanaoruka pamoja kwa kufuata ngoma si mzigo mmoja. Dari za kumbi za dansi huhesabiwa mara mbili ya dari za ofisi kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye nyumba mmoja, si huyu wetu, alijaribu dari yake kwa kuwaita vijana kumi waruke, na ilipowavumilia akafurahi. Twaona hakuijua bahati yake. Boriti iliyopasuka nusu huvumilia siku ya kujaribiwa, ikavunjika siku ya harusi.

Sasa hukumu yetu. Katika boriti 20 za chumba cha mbele, 13 ni nzima. Nne zina ugonjwa wa juu juu, dumuzi wa zamani, zaweza kuachwa na kutazamwa. Tatu vichwa vyake vimeoza upande wa magharibi; msumari uliingia inchi 2, na kwa namba 15 uliingia wote. Chumba cha nyuma kina boriti 18, zote nzima, na paa lake halivuji. Chumba cha kati hatukuweza kukikagua vizuri kwa kuwa kimepigwa mbao chini ya dari, na mwenye nyumba hajakubali zitolewe. Chumba kisichokaguliwa tunakihesabu kuwa ni kibovu mpaka kikaguliwe.

Twashauri, kwanza, bomba la zamani lizibwe na ukuta wa magharibi upakwe chokaa kabla ya masika, kwani kutengeneza boriti hali maji yanashuka ni kupoteza fedha. Pili, chini ya boriti 13 mpaka 17 ziwekwe gadi sasa hivi: ubao mnene juu, ubao mnene chini, na kabari zigongwe mpaka zishike tu, zisiinue dari, maana dari ya chokaa ikiinuliwa hupasuka. Gadi zisimame juu ya ardhi ngumu. Tatu, badala ya kuchomoa boriti zile, ulazwe mhimili wa msaji kando ya ukuta wa magharibi, chini ya vichwa vilivyooza, ukishikwa na mawe yaliyojengwa ndani ya ukuta, nao uguse sehemu nzima ya kila boriti. Waashi huuita mti wa namna hiyo mtambaa wa panya. Msaji wapatikana toka shamba la miti la Longuza, Muheza. Mikoko mipya hatuipendekezi, kwa kuwa mikokoni ni hifadhi na haikatwi bila ya kibali, na kibali chenyewe hakipatikani kwa haraka. Mhimili wa pili katikati ya chumba ungeifaa dari zaidi, maana nafasi baina ya mategemeo ikipungua nusu, nguvu zinazoivunja boriti hupungua mpaka robo. Lakini utahitaji nguzo chumbani chini, na hapo kuna duka la mtu. Hilo ni la kuzungumza na wao wawili.

Wanachama waliosema tuiache kabisa nyumba hii tumewasikia. Hatukubaliani nao. Tukiondoka sisi, atapanga mwingine asiyekagua, atamwaga saruji, na siku moja watoto wa duka la chini watakuwa chini yake. Nyumba ambayo ugonjwa wake umejulikana ni salama kuliko nyumba isiyojulikana, nayo ni afadhali kuliko kibanda kipya cha kodi ya mara mbili. Illa hatutatia sahihi mkataba wenye neno la saruji ndani yake, wala mkataba usiosema nani alipe gharama za mhimili. Halmashauri imwandikie mwenye nyumba, na sisi tutampelekea picha ya boriti zenye namba.

Hata kazi ikamalizwe, chumba cha mbele kisikae zaidi ya watu 10, na wakae upande wa mlango. Chumba cha nyuma kwaweza kuwekwa vitabu, kabati zikiwa ukutani. Chumba cha kati kifungwe.

Juu ya ule ufa wa ukutani tumepaka vipande vitatu vya chokaa laini, vyembamba kama noti, tukaandika tarehe juu ya kila kimoja. Kikipasuka, ufa unatembea, kikibaki, umelala. Vipimo vyote vya uzi, boriti kwa boriti, vimeandikwa katika kitabu ambacho kimewekwa kwa karani wa chama, na ye yote apenda kukiona akaulize. Kipimo cha pili kitachukuliwa masika ikiisha. Tunahitaji wanachama wawili wa kushika ngazi.